Waliokipa Kidude Jina la Mama Katikati

Vijana wangu, nimekasirika, na ni vizuri mjue mapema msije mkasema mzee aliwanyemelea. Nimekasirishwa na filamu. Najua ni jambo dogo. Wenzangu hapa Mvara, Arua, wanakasirikia bei ya sukari na vumbi la barabara, na hao wana haki. Mimi, mtu mwenye wajukuu, nimelala vibaya kwa sababu ya filamu ya wapelelezi. Mara mbili nimeandika hasira hii nikachana karatasi, maana niliposoma niliona nawaonea walioitengeneza. Hii ni mara ya tatu. Nikiwaonea tena, mnisahihishe.

Kwanza mjue nani anasema. Kwa miaka mingi nilikuwa vijei, yaani yule mtu anayekaa kando ya televisheni kwenye kibanda cha video, maiki mkononi, anawaambia watu filamu inasema nini. Nilianza Arua, nikafanya Koboko, nikarudi Arua mpaka sauti yangu ikachakaa na filamu zikaanza kuja zimeshatafsiriwa kwa Kiganda kutoka Kampala. Shule niliishia darasa la saba. Kiingereza nilikipata kwenye filamu zenyewe, kwa hiyo naweza kuuliza bomu liko wapi, lakini kuomba dawa ya kikohozi siwezi.

Na Kiswahili changu, ninyi mliosoma cha vitabu mtakivumilia. Huku kwetu Kiswahili kililetwa na jeshi na biashara, na hakikuvua viatu mlangoni. Lakini kibandani Mlugbara alikaa benchi moja na Mkakwa, Mkongo na Msudani, na hakuna lugha nyingine iliyowaenea wote.

Sasa, kabla hamjawa na simu hizi, kulikuwa na kaseti tulizoziita Wanne. Zilikuwa mchezo wa zamani wa televisheni, kila kaseti kisa chake, wapelelezi wanne wale wale. Mkubwa wao alikuwa na kipara. Wa pili fundi wa umeme. Wa tatu alikuwa mtu wa kufungua makufuli, na huyo wezi wa sokoni walimpenda kupita kiasi. Wa nne alikuwa mwanamke, mkalimani. Jina lake la kwenye filamu lilikuwa refu na la kuvunja meno, basi mwalimu wangu wa kazi akambatiza Mama Katikati, kwa sababu kila kaseti ilimkuta amekaa kiti cha katikati, mkubwa mmoja huku, mkubwa mwingine kule, na maneno yote lazima yapite kwake.

Hakuwahi kushika bastola. Kuna kaseti moja jenerali anataka kutoa amri wafungwa wauawe, na fundi wa umeme bado yuko chini ya jengo anahangaika na nyaya. Mama Katikati akaomba maji. Akanywa taratibu. Akamwomba jenerali arudie neno moja, kwa adabu, maana hakupenda kulikosea neno la mtu mkubwa. Jenerali akarudia, amefurahi kuheshimiwa. Akaulizwa tena, je, unamaanisha hivi, au vile? Taa zikazimika, wafungwa wakatoka. Na mama yule hakudanganya hata neno moja! Watu walipanda juu ya mabenchi wakimshangilia mwanamke aliyekunywa maji.

Haki ni haki, kaseti zile zilikuwa na aibu zake. Kuta zilitikisika mtu akifunga mlango. Barabara moja ilikuwa Ulaya kaseti hii, na Arabuni kaseti ijayo, na duka la maua liko pale pale. Yule wa makufuli aliwahi kubandikwa masharubu, yakaanguka upande mmoja, naye akaendelea kumtisha adui kwa nusu iliyobaki. Sisemi zamani kila kitu kilikuwa kizuri. Wazee wanaosema hivyo wamesahau harufu ya jenereta.

Mwalimu wangu alikuwa Mzee Ramadhani, Mnubi, zamani dereva jeshini. Alinifundisha vitu ambavyo hamtavipata kwenye simu. Mkono wa kushoto ukae kwenye sauti ya spika: filamu ikinyamaza, na wewe nyamaza, watu wasikie nyayo. Mtu mpe jina la kitu kinachoonekana, Kipara, Koti Jeusi, maana majina ya wazungu watu huyasahau kabla hujamaliza kuyatamka. Usiseme mwovu ni nani hata kama unamjua. Tangawizi shavuni, soda usiguse. Na usitafsiri filamu ambayo hujaitazama peke yako mpaka mwisho, mdomo umefungwa.

Hili la mwisho alilijua kwa sababu lilimchoma. Siku moja, kabla sijaanza kazi kwake, aliweka kaseti ya pili mbele ya kaseti ya kwanza, na hakuwa ameitazama hata moja. Kwenye ile ya pili kuna mtu anatupwa bwawani, amekufa kabisa, watu wamesikitika. Kisha anaweka ile ya kwanza, na marehemu huyo hapo anakunywa chai. Kibanda kizima kikamgeukia.

"Mzee, huyu si amekufa?"

"Amekufa," Ramadhani akajibu. "Huyu ni pacha wake."

Wakakubali! Lakini pacha alimfuata kama deni. Kila kaseti mpya watu wanauliza pacha yuko wapi. Mfanyabiashara mmoja wa Kongo alikataa kutoka kibandani. "Mimi nangoja ule pacha," alisema, "mulisema mutu mbili, mimi nimeona mutu moja." Ndiyo sababu Ramadhani aliponipa maiki mara ya kwanza aliishika kidogo kabla ya kuiachia. "Chumvi tia," akasema. "Pilipili tia. Lakini hapana ongeza mtu, na hapana toa mtu. Hao watu iko na mwenyewe."

Nimeeleza yote haya ili mnielewe nikifika kwenye hii filamu mpya.

Miezi michache iliyopita Hajati Zamzam alinipigia simu kutoka Koboko. Hajati ana kibanda ambacho siku hizi kinaishi kwa mpira, filamu ni za siku ambazo hakuna mechi. Alikuwa anapiga kelele kwa furaha.

"Mzee! Wanne wamerudi! Wapya! Picha safi mpaka unaona jasho la mtu."

"Nimesikia, Hajati."

"Njoo utafsiri. Watu hawataki ya Kiganda, wanataka wewe."

"Sauti imekwisha."

"Hata hiyo iliyobaki inatosha. Na Mama Poni anakuja kutoka Oraba na wasichana wake wote. Utamwambia yeye kwamba umekataa?"

Hapo alinishika. Mama Poni nilimjua alipokuwa msichana, amevuka mpaka kutoka Sudani na watu wao wakikimbia vita. Alikuwa akikaa benchi la mbele Koboko, na mimi nikitafsiri, midomo yake inatembea pamoja na yangu. Nilidhani ananidhihaki. Kumbe alikuwa anajifunza. Leo yuko mpakani Oraba, na kazi yake ni kukaa baina ya watu: dereva wa lori na wakala wa forodha, mbadilisha pesa na mfanyabiashara wa Juba, mgonjwa na nesi. Kikakwa, Kiarabu cha Juba, Kiswahili, Lingala, vyote vinapita kwake na vinatoka upande wa pili vikiwa vizima. Madereva wasiomjua jina humwita Mama Katikati, na wengi wao hawajui neno hilo lilitoka wapi. Anawafundisha wasichana kazi hiyo. Aliwahi kuniambia hivi: "Sisi tulipokuja hapa hatukuwa na kitu. Shamba limebaki, nyumba imebaki. Mimi nilikuwa na lugha tu, na lugha nilidhani si kitu. Halafu nikamwona yule mama."

Basi nilikwenda Koboko siku moja kabla, nikaketi peke yangu kibandani, Hajati nyuma yangu anafagia, nikaitazama filamu mpya mpaka mwisho.

Nianze na mazuri yake, maana yapo. Picha ni safi kweli. Kuta hazitikisiki. Kijana aliyechukua nafasi ya Kipara ana nywele nyingi mno, lakini anakimbia vizuri, na anapopigwa unaamini ameumia. Kuna mahali wanapita kwenye daraja na ukungu, na nilisahau kwamba nimekuja kufanya kazi. Fundi wa umeme anachekesha kuliko yule wa zamani. Ningekuwa sijawahi kuona Wanne, ningesema ni filamu nzuri ya mchana, nikaenda kula.

Lakini nimewaona Wanne. Na hawa walikuwa watatu.

Nilingoja. Nilisema labda ataingia katikati, filamu siku hizi huchelewesha watu. Ikafika yule kijana anaingia kwenye chumba cha wageni, anagusa sikio, na analitaja jina. Jina lile refu la kuvunja meno! Nikakaa sawa. Akajibiwa na sauti ya mwanamke. Mwanamke mwenyewe hakuonekana. Ikabidi nirudishe nyuma mara kadhaa ndipo nikaelewa: ni kidude. Kitu kidogo kama punje ya mahindi, anakitia sikioni, mtu akiongea lugha yoyote kidude kinamwambia maana yake. Na kidude hicho wamekipa jina la Mama Katikati.

Vijana, kumtoa mtu naelewa. Filamu ni ya wenyewe, wana hesabu zao, huenda mwigizaji hakupatikana. Wangesema amestaafu, ningesema haya, hata mimi nimestaafu. Wangemwua, ningelia, lakini ungekuwa msiba wa heshima. Wao walichukua jina lake wakalibandika kwenye kitu cha kutia betri, halafu wakamfanya yule kijana akivue kikao kikiisha na kukitupa kwenye glasi ya pombe, na watazamaji tucheke!

Na wamerudia kikao cha jenerali, kile cha kaseti ya zamani. Chumba kile kile, meza ndefu. Jenerali anaanza kutamka amri, kidude kinanong'ona, na kijana anampiga risasi kabla sentensi haijaisha. Kiti cha katikati kipo. Nilikiona kwa macho yangu. Kimewekwa, hakuna aliyekikalia.

Hajati alisimama na ufagio. "Mbona unapumua hivyo?"

Hapa lazima niwe mkweli na nafsi yangu, maana nilijishuku. Nilijiambia, mzee, wewe ulikuwa mtafsiri, na vijana wanatazama simu zenye maandishi chini, hawakuhitaji tena. Je, hii ni hasira ya filamu, au ni wivu wa kazi yako? Nikajipima. Nikasema, wangemtoa fundi wa umeme wakaipa tochi jina lake, ningekasirika? Nikaona ndiyo, ningekasirika. Basi hasira yangu ni ya haki, walau nusu. Ile nusu nyingine sijui, muiamue ninyi.

Nilimweleza Hajati. Akafikiri kidogo tu, Hajati si mtu wa kufikiri sana.

"Lakini sauti iko ya mwanamke?"

"Ya mwanamke."

"Basi imekwisha! Sema Mama Katikati yuko chumba cha nyuma, anaongea kwa redio. Nani atajua?"

"Hakuna atakayejua."

"Sasa?"

"Si ndivyo filamu inavyosema, Hajati."

"Filamu!" akasema, akagonga benchi kwa ufagio. "Filamu imemsomesha nani Oraba? Yule mama anatoka huko na wasichana, amewasimulia njia nzima, na wewe utamwonyesha punje ya mahindi? Huna huruma, Mzee."

Aliniumiza, kwa sababu alikuwa na haki. Na njia ilikuwa rahisi! Ingehitaji sentensi moja. Ningemfanya akae chumba cha nyuma na glasi yake ya maji, na ningeitoa sauti yangu ya kike, ile iliyokuwa ikiwachekesha Arua. Usiku kucha niliizungusha sentensi hiyo kichwani.

Kesho yake mchana kibanda kilijaa. Mama Poni alikuja na kitenge kipya, akakaa benchi la mbele kama zamani, wasichana wake wamejipanga huku na huku.

"Mzee, umezeeka!" akaniita.

"Na wewe umenenepa, Mama Poni."

"Oraba inalipa," akasema, wasichana wakacheka.

Tukaanza. Nilitia chumvi yangu kwenye mapigano, na daraja likaenda vizuri, nikanyamaza wakausikia ukungu. Halafu kijana akaingia chumba cha wageni, akagusa sikio, akalitaja jina. Wale wa zamani walilitambua. Makofi yakaanza nyuma.

"Anakuja! Anakuja!"

Mama Poni alikuwa ameshasimama nusu, anawaonyesha wasichana kwa kidole mahali ambapo angetokea.

Maiki ilikuwa nzito. Nikasema, "Anayeitwa hapa si mtu. Ni kidude cha sikio. Kinatafsiri lugha. Wamekipa jina lake."

Makofi yalikufa vibaya, moja moja.

"Hapana! Mzee, tafsiri vizuri!"

"Ndivyo inavyosema."

"Yeye mwenyewe iko wapi?"

"Hayumo."

Kidude kikaongea kwa Kiingereza chake safi, na kibanda kizima kikaninyamazia kikingoja, nikaeleza kilichosemwa. Ndipo dereva mmoja wa lori aliyekaa karibu na mlango akapaza sauti: "Lakini ile kidude si imetafsiri tayari? Mbona Mzee anatafsiri tena?"

Mwingine akamjibu, "Kidude chenyewe kinatafuta mkalimani!"

Kicheko kilichotoka hapo kiliwafikia watu wa sokoni. Tangu hapo kila kidude kilipoongea walikizomea, wakanigeukia mimi, "Haya, mkalimani wa mkalimani, sema!" Nilicheka pia, siwezi kuwadanganya. Lakini Mama Poni hakucheka. Kilipofika kikao cha jenerali, risasi ilipolia kabla sentensi haijaisha, aliinua kitenge akafunika mdomo, na msichana wa kulia kwake akamtazama yeye badala ya filamu.

Ilipoisha watu wakasimama. Majina yalikuwa yanaanza kupanda kwenye kioo, yale maandishi meupe ambayo katika maisha yangu yote ya kazi sikuwahi kumtafsiria mtu, kwa kuwa hayajawahi kumkuta mtu amekaa. Mama Poni alinifuata pale kwenye spika.

"Ile sauti ilikuwa ya mwanamke," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Ungeweza kusema ni yeye, amejificha mahali. Sisi tungejua nini?"

"Ningeweza."

"Nimewaleta hawa watoto wa watu waone kazi yao ina heshima. Sasa wameona nini? Wameona kazi yao inatupwa ndani ya pombe."

Nilimwambia nilichopata usiku ule, na mpaka leo sina hakika kama kilitosha. "Mama Poni, ningemtia kwa mdomo wangu, mngetoka hapa mkiwashukuru watu waliomtoa."

Hajati alikuwa ameshika rimoti, anataka kuzima.

"Waliomtoa ni akina nani?" Mama Poni akauliza.

"Majina yao ndiyo hayo yanapita."

"Hajati, usizime! Rudisha mwanzo wa majina." Akawageukia wasichana, akawaambia kwa Kikakwa wakae, wakakaa. Dereva wa lori naye akarudi kutoka mlangoni. "Mzee, soma. Moja moja, na kazi ya kila mtu."

Nikachukua maiki. "Huyu wa kwanza ni yule kijana anayekimbia."

"Kijana alitumwa tu. Endelea."

"Huyu alishona nguo."

"Nguo zilikuwa nzuri. Mwache."

"Huyu aliwapikia chakula."

"Huyo hana kosa kabisa," akasema dereva.

"Huyu aliendesha magari. Huyu aliwasha taa. Huyu..." Nikasogea karibu na kioo, macho yangu si ya zamani. "Hawa wawili ndio walioandika hadithi."

"Simamisha hapo. Ndio hao waliomtoa," akasema Mama Poni, akavuta benchi lake mbele.